Kuingia ligi ya tenisi ya watu wazima Arusha na Moshi: umri, daraja, na mpira unaoruka kupita kiasi

Mtu wa miaka 44 ambaye kila Jumamosi hugonga mpira na rafiki yuleyule hajui kiwango chake. Anachojua ni kwamba anamfunga rafiki yake au anafungwa naye. Ligi ndiyo inayompa jibu, kwa sababu inamkutanisha na watu wageni ambao watagundua ubovu wa bakhendi yake, yaani pigo la mgongo wa mkono, ndani ya gemu mbili. Lakini ligi isiyopangwa ni balaa. Mchanganye kijana wa miaka 22 aliyekulia uwanjani akiokota mipira na mhasibu wa miaka 50 aliyeanza mwaka juzi, utapata 6-0, 6-0 ndani ya dakika arobaini, na wiki inayofuata mhasibu ana udhuru.

Ndiyo maana ligi za ridhaa hupangwa kwa umri na kwa uwezo. Mfano unaoigwa sana ni wa Marekani, ambako chama cha tenisi cha nchi hiyo, USTA, kilianza ligi yake ya watu wazima mwaka 1980. Umri umegawanywa kuanzia miaka 18, 40, 55 na 65 kwenda juu, na ndani ya kila kundi wachezaji hupangwa kwa kipimo kiitwacho NTRP, kinachotoka 1.0 hadi 7.0 kwa hatua za nusu. Saba ni wale unaowaona kwenye televisheni. Watu wazima wa klabu wengi wako kati ya mbili na nusu na nne na nusu. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, lina kipimo chake kinachoitwa World Tennis Number, nacho kinakwenda kinyume: 40 ni anayeanza, 1 ni bingwa. Mtu akikwambia yeye ni "thelathini", muulize kwanza anatumia kipimo kipi kabla hujashtuka.

Mwongozo huu unatumia namba za NTRP kwa kuwa maelezo yake yanaeleweka bila kompyuta.

Umri: hesabu mwaka, usihesabu siku

Kanuni ya kuazima ni rahisi: unaruhusiwa kwenye kundi la umri ambao utautimiza ndani ya mwaka huo wa kalenda. Aliyezaliwa Novemba 1986 anatimiza 40 mwaka 2026, kwa hiyo anacheza kundi la 40 kuanzia Januari 2026. Hangoji siku yake ya kuzaliwa. Mkubwa anaweza kushuka kucheza na wadogo, mdogo hawezi kupanda kwa wakubwa. Mzee wa miaka 58 mwenye miguu mizuri yuko huru kucheza kundi la 18.

Uthibitisho uwe kitambulisho cha NIDA au pasipoti, kionyeshwe mara moja wakati wa kujiandikisha. Kwenye michezo ya shule tumezoea vijeba wanaopunguza miaka. Huku kwa maveterani mambo yamegeuka: utamkuta mtu wa miaka 36 mwenye mvi mbili anajiita mzee wa 40, na hakuna anayethubutu kumuuliza. Mratibu aulize watu wote kwa usawa, hapo hakuna atakayeona ameonewa.

Kwa mji wenye wachezaji wachache, usigawe umri mara nne. Makundi mawili yanatosha: watu wazima wote, na 45 kwenda juu. Ukigawa zaidi utaishia na mafungu ya watu watatu watatu wanaokutana kila wiki hadi wachokane.

Daraja: hapa ndipo ligi inapokufa au kupona

Watu hujipima kwa pigo lao bora. Ana forhandi moja, pigo la upande wa kiganja, aliyoipiga mwaka jana ikapasua kona, basi yeye ni nne. Daraja lako halitokani na pigo hilo, linatokana na lile unalolipiga ukiwa umebanwa, upo nyuma 30-40, na unapiga sevu ya pili, ile nafasi ya mwisho ya kuanzisha pointi. Kosa lingine ni kujipima kwa mipira ya kocha. Mpira wa kocha unakuja kiunoni, kwa kasi ileile, upande uleule. Na mtu unayemlipa akugongee mipira hatakwambia ukweli, kwa sababu kesho anataka umwite tena.

Maelezo ya madaraja, kwa lugha ya uwanjani:

2.5: Bado unajifunza kusoma mpira utaangukia wapi. Ukipata mwenzako wa kiwango hicho mnapishana mipira michache ya polepole. Sevu ya pili ni ya kubembeleza ivuke tu.

3.0: Mpira wa kasi ya kati unaurudisha mara nyingi, lakini huamui uende wapi wala uende mbali kiasi gani. Mkicheza wawili wawili, mmoja anasimama netini na mwingine nyuma mpaka mechi iishe.

3.5: Unachagua upande na mpira unakutii, ilimradi kasi si kubwa. Unakwenda netini kwa hiari yako. Kinachokosekana ni kina: mipira yako mingi inadondoka katikati ya uwanja, na mwenye uwezo anaiadhibu.

4.0: Forhandi na bakhendi zote zina mwelekeo na kina. Sevu ya kwanza inakupa pointi za bure. Ukikosea, mara nyingi ni kwa pupa ya kumaliza pointi mapema.

4.5: Una nguvu na mzunguko wa mpira unaoutumia kwa makusudi, sevu ya pili haikutii hofu, na ukiona mpango haufanyi kazi unaubadilisha katikati ya seti.

Ukisoma hapo ukajiona katika mawili, nenda uwanjani na mipira kumi, ujifanyie majaribio haya mawili. Viwango vyake ni vya makadirio, lakini vinakata ubishi.

La kwanza, piga sevu 20 ukijifanya zote ni za pili: kumi upande wa kulia, kumi wa kushoto. Hesabu zilizoingia. Chini ya 10, wewe ni 2.5. Kati ya 10 na 14, ni 3.0. Ukifika 15, na nusu ya hizo ukaweza kuzielekeza kwenye bakhendi ya mpinzani, ni 3.5. Ukiingiza 17 au zaidi zikiwa na mzunguko unaoonekana, anza kufikiria 4.0. Usizihesabu zile ulizozipapasa kama unampelekea mtoto.

La pili, pishana mipira na mtu anayekuzidi kidogo, majaribio kumi. Mpira wako unahesabika tu ukidondoka nyuma ya mstari wa sevu, yaani zaidi ya mita 6.4 kutoka netini. Andika idadi ya kila jaribio, kisha ipange kutoka ndogo hadi kubwa na uangalie ya tano na ya sita. Hizo ndizo wewe. Nne au tano ni 3.0, nane ni 3.5, kumi na mbili huku nusu ukipiga kwa bakhendi ni 4.0. Watu wengi hukataa jaribio hili kwa kuwa kanuni ya mstari wa sevu inawavua nguo.

Ukibaki katikati, tumia historia. Uliwahi kucheza tenisi ukiwa shule, au umecheza skwoshi au badmintoni kwa miaka, chagua la juu, kwa sababu mkono wako utaamka ndani ya miezi miwili. Umeanza ukiwa mtu mzima na hujawahi kucheza mechi ya kuhesabu pointi, chagua la chini.

Kuna wale wanaojishusha makusudi ili wabebe kombe. Kwenye mpira wa miguu tungewaita mamluki. USTA huwashughulikia kwa mfumo unaofuatilia matokeo: mchezaji akionekana mara tatu kuwa juu ya daraja lake kwa kiwango kilichowekwa, anaondolewa katika daraja hilo. Sisi tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa daftari. Andikeni kwenye kanuni, kabla ya msimu, kwamba mtu akishinda mechi zake tatu za kwanza na kila moja akapoteza gemu zisizozidi tatu, anahamishwa daraja la juu pale pale, na matokeo yake ya chini yanafutwa. Msingoje arobaini za mwizi. Na kwa upande wa pili, aliyepoteza tatu za kwanza kwa mtindo huohuo aruhusiwe kushuka bila kuombwa maelezo.

Kwa mchezo wa wawili wawili, hesabu jumla. Ligi ya jumla ya saba inapokea 3.5 na 3.5, au 3.0 na 4.0. Wekeni ukomo wa tofauti usizidi 1.0, la sivyo 4.5 atakuja na shemeji yake wa 2.5 na kucheza uwanja wote peke yake huku shemeji akisimama kando kama mlingoti.

Pa kuanzia

Arusha, nenda Arusha Gymkhana. Moshi, nenda Moshi Club. Ukishamaliza hapo, ulizia hoteli na loji zenye uwanja, taasisi na shule za kimataifa, ambazo baadhi huruhusu wageni jioni au mwisho wa wiki. Usiende mapokezi tu. Mapokezi wanajua bei. Anayejua nani anacheza na nani, nani anatafuta mwenza na nani ana kiwango gani ni kocha au yule kijana anayeshinda pale uwanjani, na mara nyingi ndiye mwenye namba za kundi la WhatsApp. Mkute saa kumi na moja jioni Jumanne au Alhamisi, msalimie, umwambie wazi: "Natafuta watu wa kiwango cha tatu na nusu, wa umri wangu, wa kucheza mechi za kuhesabu."

Kabla ya kulipa chochote, uliza mambo haya: Asiye mwanachama anacheza kwa ada ya mgeni, na kuna ukomo wa mara ngapi kwa mwezi? Uwanja unawekwa oda siku ngapi kabla? Taa zipo, zinawaka, na zinalipiwa kivyake? Mipira inaletwa na nani? Mavazi yakoje, maana klabu kongwe bado zina watu wanaokerwa na bukta ya mpira wa miguu? Mechi ikikatizwa na mvua, ada ya uwanja inakwenda wapi? Swali la mwisho ndilo linaloleta ugomvi mwingi zaidi, na watu hulikumbuka wakiwa tayari wamelowa.

Fungu lako halipo? Liunde

Watu wanane ni idadi nzuri. Kila mmoja akicheza na kila mwenzake mara moja zinapatikana mechi 28, raundi saba, mechi nne kwa wiki. Viwanja viwili vinazimaliza kwa jioni mbili. Watu sita ni mechi 15, raundi tano. Chini ya sita, chezeni nyumbani na ugenini. Zaidi ya kumi, gaweni mafungu mawili.

Msimu upangeni kufuata mvua. Masika ya Machi hadi Mei yanaua ratiba, hasa kwenye uwanja wa udongo, na vuli ya Novemba na Desemba nayo inachokoza. Dirisha zuri ni Juni hadi Oktoba, na la pili ni Januari hadi Machi mwanzoni. Ukipanga raundi saba, weka wiki tisa: mbili ni za viporo. Ratiba isiyo na wiki za viporo haijawahi kumalizika kwa wakati mahali popote.

Kiongozi wa fungu awe mmoja, naye asiwe mgombea wa ubingwa kama inawezekana. Wanaocheza wapange siku wenyewe ndani ya wiki waliyopewa, na kila mmoja atoe nafasi tatu, moja ikiwa ya mwisho wa wiki. Aliyetoa nafasi tatu na mwenzake akakataa zote anapewa ushindi wa mezani.

Pointi: ushindi 3, kupoteza ukiwa umecheza 1, kutokuja 0. Hiyo pointi moja ya kupoteza ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu inamfanya aliye mkiani aendelee kuja. Wakifungana pointi, angalia kwanza matokeo yao wenyewe kwa wenyewe, kisha tofauti ya seti, kisha ya gemu.

Mechi iwe seti mbili. Ikiwa 1-1, seti ya tatu isichezwe. Badala yake chezeni taibreki ndefu ya pointi 10, kwa tofauti ya pointi mbili. Sababu ni jua. Kwa mikoa hii linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro kidogo, na mapema zaidi ni mwishoni mwa Oktoba na Novemba. Mechi iliyoanza saa kumi kamili jioni ina takriban saa mbili na nusu za mwanga. Seti tatu kamili za watu wa 3.0, wanaorusha lobu, mipira ya juu juu, kama wanaanika nguo, zinaweza kuzimaliza zote. Ukianza saa kumi na moja bila taa, unacheza kamari.

Wachelewaji, tumieni kanuni ya USTA, ambayo haina huruma lakini haina ubishi: hadi dakika 5, anapoteza kura ya kuchagua nani aanze kusevu, na gemu moja; hadi dakika 10, kura na gemu mbili; hadi 15, kura na gemu tatu; ikizidi 15, mechi imekwenda. "Nipo njiani, nimefika Tengeru" hakuongezi dakika.

Mpira: Arusha si Moshi

Hili linawapita hata wachezaji wa miaka mingi. Mpira wa kawaida wa tenisi umejazwa gesi. Kinachofanya uruke ni tofauti ya msukumo wa ndani na ule wa hewa ya nje. Arusha mjini ipo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko msukumo wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 15 kulinganisha na Dar es Salaam. Mpira uleule unakuwa mgumu zaidi, unadunda juu zaidi, na ukiwa angani unakutana na hewa nyepesi isiyoupunguza mwendo. Kule Dar ungedondoka nusu mita ndani ya mstari. Hapa unapita nje. Kanuni za ITF zinalitambua jambo hili: kuna mipira maalumu kwa maeneo yaliyo juu ya mita 1,219. Arusha imevuka mpaka huo. Moshi, iliyo chini ya mita 1,000, haijauvuka.

Kwa hiyo ukiagiza mipira kwa ligi ya Arusha, tafuta kopo lenye maandishi High Altitude. Usipolipata, chagueni aina moja ya mpira wa kawaida na fungu zima litumie hiyo hiyo msimu mzima. Kinachoharibu si mpira kuruka sana tu, ni kuruka tofauti kila wiki. Kwa daraja la 2.5, fikirieni mpira wenye nukta ya kijani, ambao ni wa polepole kwa takriban asilimia 25. Wengine huuona wa watoto. Wajaribu mechi moja, wahesabu mapigo kwa kila pointi, kisha waseme.

Kupima mpira kama bado unafaa ni kazi ya dakika mbili. Chora kwa chaki alama mbili ukutani, moja urefu wa sentimita 254 na nyingine sentimita 135 kutoka sakafuni. Sakafu iwe ya saruji. Panda kwenye stuli, shika mpira sehemu yake ya chini ikiwa usawa wa alama ya juu, uuachie bila kuusukuma, na mwenzako akodoe macho pale alama ya chini ilipo. Kipimo rasmi cha mpira mpya wa kawaida ni kudunda kati ya sentimita 135 na 147. Arusha unaweza kuizidi hiyo ya juu, usishangae. Ukishindwa kuifikia ya chini, mpira huo ni wa mazoezi. Ukidunda chini ya 120, mpe mbwa.

Kopo jipya la mipira mitatu kwa kila mechi ndiyo desturi, na mshindi au mshindwa anabaki nayo kwa makubaliano; sisi tungependekeza mshindwa aende nayo nyumbani. Mipira isiyojazwa gesi, ile inayouzwa kwa ndoo, hudumu muda mrefu lakini ni mizito mkononi. Mwenye kiwiko kinachouma aiepuke.

Mchezaji wa Moshi anayekuja ugenini Arusha, mwendo wa kilomita 80 hivi, atapoteza seti ya kwanza kwa mipira mirefu kama hakujiandaa. Fika mapema, gonga angalau dakika ishirini kabla, lenga mita moja ndani zaidi ya ulivyozoea, na ongeza mzunguko wa juu badala ya kupunguza nguvu. Nyuzi za raketi zikazwe kilo moja au mbili zaidi. Nyuzi nyingi hufungwa kati ya kilo 23 na 27, na zilizokaza hutuliza mpira. Wa Arusha akienda Moshi, hali inageuka: mpira unakufa mapema, na kuna joto. Asogee hatua moja mbele na abebe maji zaidi.

Siku yenyewe

Pima neti kabla ya kuanza. Katikati iwe sentimita 91.4. Njia ya haraka: simamisha raketi wima chini, kisha weka kichwa cha raketi ya pili juu yake kikiwa kimelala kwa upana, jumla inakaribia kimo hicho. Neti za viwanja vyetu hulegea, na neti iliyoshuka sentimita tano inampa mpiga sevu zawadi. Nguzo za pembeni ni mita 1.07. Mkicheza mmoja mmoja kwenye neti ya wawili wawili, kanuni inataka fimbo mbili za urefu huo kuinua neti, sentimita 91.4 nje ya mistari ya mmoja mmoja. Seremala atakukatia mbili kwa mbao ngumu ndani ya nusu saa.

Epuka saa sita hadi saa nane mchana. Arusha na Moshi zipo kama nyuzi tatu kusini mwa ikweta, jua hufika utosini karibu saa sita na nusu, na kila ukirusha mpira wa sevu unautazama ukiwa ndani ya jua. Kofia haisaidii, kwa kuwa unatazama juu. Mkilazimika, badilishaneni pande kama kawaida na kila mmoja ateseke kwa zamu.

Ligi ya ridhaa haina mwamuzi. Kila mtu anaamua mipira ya upande wake, kwa sauti, papo hapo. Mpira uliogusa mstari hata kwa unywele ni wa ndani. Usiouona vizuri ni wa ndani. Kwenye udongo mnaweza kutazama alama. Kwenye saruji hakuna alama, kuna uaminifu tu. Mkibishana hesabu, rudini kwenye hesabu ya mwisho mliyokubaliana wote wawili. Dawa ya ugomvi huo ni ndogo: anayesevu aitaje hesabu kwa sauti kabla ya kila pointi, si baada ya kukumbushwa.

Tatizo letu ni heshima. Kijana wa miaka 30 akicheza na mtu aliyemwamkia shikamoo langoni, jicho lake linaona auti lakini mdomo unasema ndani. Na wapo wazee wanaolijua hilo vizuri sana. Makundi ya umri yanapunguza tatizo bila kuliondoa. Namna ya kulikabili bila kumvunjia mtu heshima ni kumrudishia yeye uamuzi:

"Auti!"

"Mzee, umeiona vizuri?"

"Sijaiona sawasawa, lakini nadhani ilitoka."

"Basi kwa kanuni ni ndani, mzee wangu. 40-30."

Hukumwita mwongo, na pointi imekaa mahali pake. Swali hilo liulizwe mara moja au mbili kwa mechi. Ukiliuliza kila mpira, sasa wewe ndiye tatizo.

Miguuni, vaa raba za tenisi au za skwoshi. Raba za kukimbilia zina soli nene, laini, iliyotengenezwa kwa kwenda mbele. Ukikimbilia pembeni na kusimama ghafla, kifundo kinapinduka. Maji lita moja na nusu, ndizi mbivu mbili, na paketi ya ORS kama ni Moshi mwezi wa Februari. Waliopita 40, pasheni misuli ya vigimbi kwa dakika kumi za kutembea haraka na kuchuchumaa kabla ya kupiga mpira wa kwanza. Kigimbi huchanika kwenye gemu la kwanza la asubuhi yenye baridi ya Julai, si kwenye joto. Kama hujapima presha mwaka huu, pima kabla ya msimu. Maumivu ya kifua au mkono wa kushoto kuwa mzito uwanjani ni safari ya hospitali, hata kama unaongoza 5-2.

Mechi ikiisha, mshindi ndiye anayetuma matokeo kwenye kundi kabla ya kulala, kwa mpangilio mmoja: majina, seti zote, na idadi ya gemu kama zilivyo. 6-4, 3-6, 10-7. Aliyeshindwa aweke alama ya kukubali. Mechi ikikatizwa na mvua, andikeni hesabu kamili, nani alikuwa anasevu na upande gani, na mpige picha ya ubao au karatasi. Mtaendelea kutokea hapo, hata kama ni baada ya siku kumi. Mtu akiumia na kushindwa kuendelea, mpinzani anapewa ushindi, lakini gemu zilizokwisha kuchezwa zibaki kwenye hesabu.

Msimu ukifungwa, wawili wa juu wanapanda nusu daraja na wawili wa chini wanaulizwa kama wanataka kushuka. Aliyeshinda nusu ya mechi zake na kupoteza nusu yuko mahali pake sahihi kabisa, hata kama nyumbani wanamuuliza mbona hajaleta kombe.